Pembe za Lopus Kwenye Hundi

Siku niliyokabidhi funguo za kabati la kadi, vijana wa tawi la Lodwar walinikatia keki, wakaimba, kisha Ekai, mlinzi wetu wa mlangoni, akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa na jibu lake isipokuwa mimi. "Mama Saini, na ile pembe ya ng'ombe iko kwa sefu, tuifanyie nini?" Watoto wa kaunta wote wakanigeukia. Walikuwa wameiona mara nyingi, imelala ndani ya bahasha ya kaki yenye namba ya faili, na kila mmoja aliogopa kuuliza, maana kwenye benki mtu asiyekielewa kitu hukipiga muhuri na kukirudisha mahali pake. Niliwaahidi nitawaandikia. Ahadi ni deni, basi nalipa.

Vyeo na mishahara sitavitaja. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara wangu mnaujua kwa kuwa wenu ni ndugu yake. Nilianza kazi kwetu Voi nikiwa msichana, na siku ya kwanza nikamwaga chai juu ya daftari la meneja. Baada ya hapo nilizunguka matawi mengi nikifanya kazi moja tu. Mtu akileta hundi, kabla haijalipwa, kuna mtu wa nyuma anayelinganisha saini iliyo kwenye hundi na saini ambayo mwenye akaunti alituachia kwenye kadi siku ya kufungua akaunti. Mtu huyo wa nyuma nilikuwa mimi. Zikifanana napitisha, zisipofanana hundi inarudi na watu wananinunia. Vifaa vyangu vilikuwa kioo cha kukuzia maandishi, rula ya chuma, na macho niliyorithi kwa bibi yangu, ambaye alikuwa akiona chawa kichwani mwa mtoto wa jirani kutoka upande wa pili wa ua.

Januari 2012 nilihamishiwa Lodwar, huku Turkana, nikiwa na miaka hamsini na tatu. Wenzangu walinipa pole mpaka nikaanza kujihurumia. Nilishuka kwenye basi nikiwa na vumbi hadi kwenye kope, na asubuhi yake nilipofika mlangoni mwa benki Ekai akanisalimu, "Ejok!" Nikamjibu, "Salama."

"Salama ni ya huko chini," akasema. "Hapa unasema ejok nooi, alafu nakufungulia."

Nikasema ejok nooi, akanifungulia. Ndani niligundua mambo mawili kabla ya saa nne. Kwanza, joto la Lodwar hukausha wino kwenye ncha ya kalamu wakati mteja bado anafikiria jina lake. Pili, pesa za wafanyabiashara wa Kalokol na Longech kule ziwani hunukia samaki, na keshia mzoefu aliweza kukuambia kwa pua tu ni nani amewahi foleni.

Nilipewa mwalimu, katika umri huo. Aliitwa Bwana Wafula, mtu wa Bungoma aliyekuja Lodwar kijana akasahau kurudi, na alikuwa amebakiza miezi kumi na moja astaafu. Kabati la kadi za saini lilikuwa lake. Alinitazama kutoka juu hadi chini, kisha akasema, "Karibu, dada. Wamekuleta unirithi kabla sijafa?"

"Nimeletwa nikusaidie, kaka."

"Haya. Funguo moja unashika wewe, moja nashika mimi. Nikifa utaitafuta mfukoni."

Wafula alinifundisha jambo ambalo miaka yote sikuwa nimefundishwa. Mimi nilikuwa nikilinganisha saini na saini. Yeye alilinganisha saini na mtu. Nyuma ya kila kadi alikuwa ameandika kwa penseli vijambo vidogo vidogo vya mwenye kadi. Kuna mvuvi wa Longech aliyeandikiwa: "Akitoka kuvuta nyavu vidole huvimba, saini hupanuka. Mlipe." Kuna mwalimu mkuu aliyeandikiwa: "Hata akiwa na hasira hasahau nukta. Isipokuwepo, ulizia." Kuna mfanyabiashara mmoja wa mjini aliyeandikiwa maneno mawili tu: "Usimwamini." Nilipomuuliza kama makao makuu wanajua habari za maandishi hayo, alicheka hadi akakohoa.

Sheria yake nyingine aliirudia karibu kila juma. "Binadamu hawezi kuandika saini mara mbili ikafanana kabisa, dada. Mkono unapumua. Ukikuta saini mbili zinalaliana unywele kwa unywele, jua moja imenakiliwa." Niliitikia tu kwa adabu, nikijua kwamba katika miaka yangu yote sikuwahi kukutana na mapacha wa namna hiyo.

Katikati ya mwaka amri ikaja kutoka Nairobi. Hundi zinazowekwa kwenye benki nyingine hazitasafirishwa tena kwa magunia kuja kulinganishwa. Zitapigwa picha, picha isafiri kwa kompyuta, na kadi zetu zote ziingizwe kwenye skana ili saini ya kila mteja itokee kwenye kioo kando ya picha ya hundi. Meneja wetu, Bwana Mutiso, kijana mpole aliyependa mashine kuliko chai, alifurahi kama aliyepata mtoto. "Mama, hii sistimu haisinzii, haina njaa, haina shemeji," alituambia kwenye kikao. Ikiona saini zinafanana inawasha alama ya kijani. Ikiona zinatofautiana, nyekundu. Nami naungama kwamba niliipenda. Macho yalikuwa yameanza kunichosha.

Tuliskani kadi wiki sita. Skana ilisoma mbele ya kadi tu. Nyuma, kwenye penseli ya Wafula, haikugusa kitu.

Wateja ambao kadi zao zilikuwa zimefifia waliitwa waje waandike upya, na hivyo ndivyo nilivyomjua Mzee Apalopus wa Namoruputh. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji kilichokuwa kikiuza mbuzi na kuweka akiba benki ili kununua pampu ya kisima. Pampu yao ya zamani ilikuwa imekufa, na kina mama wa pale walikuwa wakichimba mchanga wa mto mkavu kwa mikono kutafuta maji. Hundi za kikundi zilitiwa saini na watu wawili: mzee, na katibu wao Festus, mpwa wa mbali wa mzee, aliyesoma hadi chuo na kuishi hapa mjini Lodwar akiandikia vikundi barua na maombi ya ufadhili. Festus alikuja naye siku hiyo, viatu vinang'aa, shati limenyooshwa, akitujibia maswali kabla hatujamaliza kuuliza.

Mzee hakutaka kiti chetu. Aliweka sakafuni kile kigoda chake kidogo cha mti, ekicholong, akakaa, akaweka kadi juu ya goti na kuchora. Hakuandika jina. Alichora kichwa cha ng'ombe kwa mstari mmoja, kisha pembe mbili: ya kulia ikajipinda kwenda mbele, ya kushoto ikarudi nyuma. Kisanduku cha kadi kilikuwa kidogo na pembe zikatoka nje ya mistari. Nilipoipitisha kwenye skana, ncha ya pembe ilikatika. Alisimama akatazama kioo cha kompyuta, uso ukamkunjika.

"Umekata pembe," akasema.

"Ni sehemu ndogo tu, mzee."

"Mama, ng'ombe ni yako ama ni yangu?"

Wafula akanivuta kando akanieleza. Mwanamume wa Kiturkana huwa na maksai wake mmoja mpendwa, humkunja pembe tangu ndama, humwimbia, na watu humwita kwa jina la ng'ombe huyo. Maksai wa mzee aliitwa Lopus, kwa rangi yake ya kijivu, na Apalopus maana yake ni mwenye Lopus. Nikaandaa kadi kubwa zaidi. Mzee akachora tena, skana ikameza pembe zote mbili bila kuzijeruhi, na akanipa mkono.

Walipokuwa wakiondoka nilimsikia Festus akimwambia, kwa heshima ya mtoto kwa baba, "Apa, hii ya kutembea kila mara itaisha. Saini yako nitaiweka kwa kompyuta yangu pia, barua zikihitajika usisumbuke kuja." Niliona ni kijana mwenye huruma. Hata kumsifia nilimsifia.

Desemba Wafula akastaafu. Tulimpa saa ya ukutani, ambayo hajawahi kuitia betri hadi leo, na yeye akanipa ufunguo wake. Nairobi walikuwa wameagiza kadi za zamani ziharibiwe zikishaskaniwa. Nilimwambia Mutiso nitaziharibu. Sikusema lini.

Mwaka 2013 ukaja na serikali ya kaunti, na kaunti ikaja na magari, makongamano na bei mpya za nyumba. Kazi yetu ikaongezeka hadi Kakuma, mji wenye kambi ya wakimbizi, ambako kila Jumanne tulikuwa tukifungua dawati katika chumba tulichokodi kando ya duka la unga la Mama Achol. Huyu alikuwa mkimbizi kutoka Sudan Kusini, Mdinka mrefu kiasi kwamba aliinama kuingia dukani mwake mwenyewe, na alijua habari za kila mtu kambini na nje ya kambi. Asubuhi alinipa chai yenye tangawizi nyingi na kunisomea magazeti yasiyochapishwa.

Jumanne moja ya Machi Mzee Apalopus akatokea dawatini. Kikundi kilikuwa kimeleta mbuzi kuuza Kakuma na alitaka pesa za kulipa lori. Hundi yake ilikuwa na saini ya Festus, ambaye alikuwa na tabia mbaya ya kutia saini kurasa tupu mapema na kumwachia mzee (msifanye hivyo, na mkimwona mteja anafanya hivyo mkemeeni). Mzee alichora yake mbele yangu. Kichwa, pembe ya kulia ikaenda mbele. Ya kushoto akaichora kijiti kifupi tu, akaacha.

"Mzee, hujamaliza."

"Nimemaliza."

Nilituma picha. Kompyuta ikawasha nyekundu. Nikamwomba achore tena, akachora vile vile. Nyekundu.

"Chora kama ile ya mwaka jana," nikamsihi. "Pembe mbili."

Akanitazama kana kwamba nimemwambia aibe. "Pembe imevunjika. Alipigana na ng'ombe ya jirani, ikavunjika. Sasa mimi nichore aje pembe yenye hakuna? Benki inataka mimi niseme uongo?"

"Mzee, hii ni saini tu."

"Hii ni Lopus."

Mama Achol alikuwa amesimama mlangoni na debe la unga. "Madam," akasema, "huyu mzee iko sawa kabisa. Sisi kwetu pia mwanaume anabeba jina ya ng'ombe yake. Ng'ombe ikikatika pembe, watu yote anajua. Wewe unataka yeye akae mbele ya watu, aandike pembe mbili? Watamcheka, wallahi."

Nilimwelewa, lakini kompyuta haikumwelewa, na nilichagua kompyuta. Nikakataa hundi. Mzee alitoa tumbaku ya kunusa kutoka kwenye kikasha cha pembe kilichofungwa kwa ngozi, akanusa taratibu, akaenda kuuza mbuzi wawili kwa bei ya kutupa ili alipe lori. Nilirudi Lodwar na aibu, na sioni haya kusema kwamba njiani nililia kidogo. Miaka thelathini kazini, na mtu niliyemjua kwa uso, kwa sauti na kwa kigoda, nimemkana kwa sababu ya taa nyekundu.

Mzee naye hakuliacha jambo hilo. Siku ya pili alikuwa ofisini kwa Mutiso. Mutiso alimlipa, akamwomba radhi, kisha akaniita. "Mama, ukimkatalia mteja huyu tena na baadaye ionekane hundi ilikuwa halali, itabidi niandike barua ya onyo kwenye faili lako. Na umebakiza miezi tu." Tukajaza fomu ya kubadili saini. Mahali pa sababu niliandika kweli tupu: ng'ombe amevunjika pembe ya kushoto. Nairobi wakajibu baada ya mwezi kwamba sababu haieleweki. Nikaeleza kwa ukurasa mzima. Wakajibu: ambatisha ushahidi. Nikawaandikia kuuliza ushahidi wa namna gani, cheti cha kuzaliwa cha ng'ombe au cha hospitali, na barua hiyo haikujibiwa. Basi nikafungua kabati, nikatoa kadi ya zamani ya mzee, nikaandika nyuma yake kwa penseli, chini ya mwandiko wa Wafula: "Tangu Machi 2013 pembe ya kushoto imevunjika. Mbili si yake."

Agosti, asubuhi ya Jumanne ambayo mwenzangu alinipokea zamu ya Kakuma, ilitokea hundi kwenye kioo. Ilikuwa imewekwa kwenye benki nyingine Kitale, kwa jina la kampuni ya pampu ambayo sikuwahi kuisikia, na ilikuwa ya karibu akiba yote ya kikundi cha Namoruputh. Saini ya Festus ilikuwepo. Saini ya mzee ilikuwepo, safi, pembe mbili, moja mbele na moja nyuma. Kompyuta ikawasha kijani.

Niliweka kikombe chini. Tusipoikataa kabla ya saa nane mchana, pesa zinatoka. Na zikitoka, kwa kila aliyeko Namoruputh mwenyekiti ndiye aliyetia saini. Kina mama waliochimba mchanga kwa vidole wangesema Apalopus amekula pampu yao, na angekufa na jina hilo.

Nilikwenda kwa Mutiso. Alitazama kioo. "Mama, ni kijani."

"Lopus ana pembe moja."

"Nairobi hawajapitisha pembe moja," akasema Mutiso, na hakuwa anatania. "Kwenye sistimu mzee huyu bado ana pembe mbili. Nikikataa hundi inayofanana, nitaandika sababu gani?"

Hapo ndipo nilipoitazama namba ya hundi. Ilikuwa ya kitabu cha pili cha hundi. Kikundi kilikuwa na kitabu kimoja, cha mzee. Cha pili kiliombwa kwa barua mwezi wa Januari. Nilikwenda kwenye faili nikaitoa barua hiyo. Imechapwa vizuri, imeletwa na katibu, imetiwa saini na mwenyekiti kwa pembe mbili, na pembeni kuna herufi za aliyeipitisha. Herufi zilikuwa zangu.

Nilichapisha picha ya hundi kwa kipimo kimoja na barua, nikazipeleka dirishani, jua la Lodwar likiwaka nyuma, nikazilaza karatasi mbili moja juu ya nyingine. Zikalaliana. Kichwa juu ya kichwa, pembe juu ya pembe, hata mahali ambapo kalamu ilikuwa imeruka kidogo kwenye mkunjo. Mkono haukuwa umepumua. Nikamkumbuka Wafula na kikohozi chake, nikamkumbuka Festus na saini aliyoahidi kuiweka kwa kompyuta yake, nikamwita Mutiso dirishani.

"Mzee alichora mara moja tu," nikamwambia. "Nyingine amechorewa."

Alizitenganisha, akazilaza tena mwenyewe. "Inaweza kuwa bahati," akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

Nilimpigia Mama Achol. Jumanne ni siku ya soko la mbuzi Kakuma. Alinambia nisikate simu, nikamsikia akitembea, watu wakimpisha, mbuzi wakilia, kisha sauti ya mzee. "Ejok, mama."

"Ejok nooi, apa. Umeandika cheki ya pampu?"

"Pampu? Bado. Tunangoja Festus atuletee bei."

Mutiso alikuwa amesikia yote. "Wazee husahau," akasema polepole. "Tukikosea ni barua yako, mama, na ni yangu pia." Niliogopa, sitaki kuwadanganya. Nilimwambia aandike yangu kwanza. Akacheka bila kupenda, akaketi, akatafuta kwenye orodha ya sababu. Saini kutofautiana hatungeweza kuandika, kwani haikutofautiana, na huo ndio uliokuwa ubaya wake. Mwishowe alichagua ile ya kumrudishia mwandikaji athibitishe. Ilikuwa imebaki robo saa.

Kesho yake, benki ilipofunguliwa, Festus alikuwa wa kwanza mlangoni. Hakuonekana mwoga. Aliongea Kiingereza kirefu mbele ya foleni nzima kuhusu pampu iliyocheleweshwa na wananchi wenye kiu, kisha akageukia Kiswahili ili wote wafaidi. "Mwenyekiti ametia saini mwenyewe, Jumapili, nyumbani Namoruputh, mimi nikiwa nimekaa hapo kando yake. Na Lopus alikuwa amesimama hapo mbele yetu. Nasikia huyu mama alimkatalia mzee Kakuma, sasa anamkatalia tena."

Nilikuwa naweka juu ya kaunta ile picha ya hundi niliyochapisha Ekai alipofungua mlango tena. Mzee Apalopus aliingia na vumbi la lori la usiku mabegani. Aliweka kigoda chake sakafuni katikati ya ukumbi, akakaa, akamwomba Festus arudie. Festus akarudia, sasa kwa upole. Akaongeza kwamba apa amezeeka siku hizi, husahau.

"Ni kweli, nasahau," mzee akasema. "Nisaidie. Hiyo Jumapili, wakati nachora, Lopus alikuwa na pembe ngapi?"

Festus alitupia jicho karatasi iliyokuwa juu ya kaunta, akatabasamu. "Mbili, apa. Kama hapa."

Foleni ikalipuka; wafugaji waliokuwemo walikuwa na habari. Mama mmoja mwenye vikapu vya majani ya mikoma alijipiga mapaja kwa kicheko, na Ekai akageuka ukutani mabega yakimtetemeka. Festus alitazama huku na huku, asijue kichekesho kiko wapi. Mzee hakucheka. Aliingiza mkono ndani ya shuka, akatoa kile kikasha cha tumbaku, akafungua ile ngozi, akakung'uta tumbaku yote sakafuni na kuiweka pembe ya kijivu juu ya kaunta.

"Ya pili ni hii," akasema. "Tangu Machi. Watoto wa Namoruputh wote wanajua. Mama yako anajua, alikuja kunipa pole. Festus, wewe ulikuja nyumbani mara ya mwisho lini?"

Kijana aliketi pale chini, kwenye tumbaku, na viatu vyake vile, akaficha uso. Nilifurahi kushinda, na papo hapo nikamhurumia; mambo hayo mawili yanaweza kukaa kifua kimoja. Tulipiga ripoti polisi kama inavyotakiwa. Alipotoka kwa dhamana wazee walimdai faini ya mbuzi, na wakamwamuru arudi nyumbani.

Mzee alipotaka kuondoka nilimsimamisha. "Apa, Nairobi bado wanataka ushahidi kwamba imevunjika."

"Haya," akasema, akaisukuma pembe upande wangu. "Mtu akikuja na mbili, mwonyeshe hii."

Nikaiweka juu ya skana. Mutiso mwenyewe alishikilia kifuniko kwa sababu kilikataa kufunga. Tukaambatisha. Saini mpya ilipitishwa baada ya siku mbili, bila swali hata moja, na pembe ikapewa namba ya faili na bahasha.

Basi, Ekai, hilo ndilo jibu lako. Haiendi popote. Ni kiambatisho, na kiambatisho hukaa na faili. Kadi za Wafula nazo ziko kwenye kabati, rafu ya chini, chini ya kalenda kuukuu. Someni nyuma, na mwongeze yenu kwa penseli.

Hundi ya pampu ya kweli ilikuja Oktoba, pembe moja na kijiti. Niliipitisha. Pampu ilipofungwa nilialikwa Namoruputh, nikamkuta Festus akisomba mchanga na mama yake akimkemea kwamba anasomba kidogo. Maji yalipotoka kina mama walipiga vigelegele, kisha wakapisha njia, na mzee akamleta kwenye birika la mifugo maksai mkubwa wa kijivu, anywe wa kwanza. Sikuwa nimewahi kumwona. Nilitoa kadi yake mpya mkobani, nikavaa miwani, nikaishika mbele ya macho na kumtazama Lopus, kisha kadi, kisha Lopus. Kulia, pembe imejipinda kwenda mbele. Kushoto, kijiti kifupi.

"Inafanana?" mzee akaniuliza.

"Inafanana, apa," nikamwambia. "Mlipe maji."